Nilivyoliwa ofu zangu kwa buku tano

Miaka miwili nimekuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, mshahara 390,000, Jumatatu mpaka Jumatatu. Jumapili bosi anakupa buku tano anakwambia ya soda hiyo, na mimi nashukuru kabisa naona mzee ana roho nzuri. Ofu ilikuwa mpaka upate msiba, na uwe msiba wa ndani kabisa maana wa binamu haukuhesabika.

Sasa kuna mpangaji mwenzangu, mtu wa chama cha wafanyakazi huko kazini kwake, akaniuliza swali dogo tu, saa yako moja ya kazi ni shilingi ngapi? Sikujua. Tukakaa kibarazani na simu tukapiga hesabu: mshahara wa mwezi unagawa kwa 4.333 unapata wa wiki, halafu unagawa kwa masaa yako ya kawaida ya wiki, mi nikaweka 45 ambayo ndo mwisho kisheria, ikaja 2,000. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko unatakiwa ulipwe mara mbili kwa kila saa, yani 4,000, kwa masaa tisa ni 36,000. Jumapili moja tu hiyo! Usingizi ulikata siku ile.

Iko kifungu cha 19 na cha 24 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Siku za kazi mwisho sita kwa wiki, halafu masaa 24 ya kupumzika mfululizo. Na sio lazima iwe Jumapili, wengi tunagombana na mabosi hapo bure, hata Jumanne sawa mradi ipo. Mnaweza pia kukubaliana upumzike masaa 60 kwa mpigo kila wiki mbili, ila muandikiane, sio bosi kutamka tu pale kaunta. Na siku ya ofu unafanya kazi ukikubali mwenyewe. Ila kama wewe ni meneja unasimamia wenzako na unaripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, hivi vifungu havikuhusu, usije ukakurupuka.

Mimi nilikurupuka. Nilimsomea bosi kifungu mbele ya wateja, akaniangalia akasema haya nitajie, Jumapili zipi? Nikakwama, sina hata tarehe moja, na pale dukani hatukuwa tunasaini popote.

Ndo nikanunua daftari. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwepo, nimepewa shilingi ngapi. Na kila Jumapili asubuhi namtumia meseji "bosi nimeshafungua", anajibu "poa". Hiyo poa ndugu yangu usiifute, ni ushahidi. Zilipofika Jumapili sita nikamfuata tukiwa wawili tu, nikamuwekea daftari mezani, sheria sikuitaja hata neno. Aliliangalia muda mrefu. Akalipa zote sita, kwa awamu, na akakata zile buku tano zake, kwa hiyo nikapata 186,000. Ofu yangu ikawa Jumatano.

Za nyuma nilishaziacha. Ukitaka kupeleka madai CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, una siku 60 tangu mgogoro utokee, na ukiwa umefukuzwa kazi ni 30 tu, mimi nilikuwa nimekaa kimya miaka miwili nakunywa soda.

Jumatano ya kwanza saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu, wife ananiuliza unaenda wapi.