Chupa nne za yogati kwa siku, mi nilivyozipunguza

Mkuu umesema unakunywa yogati chupa nne kwa siku sababu uliambiwa ina bakteria wazuri wa tumbo, sasa tumbo linaunguruma muda wote na hujui uache au uongeze. Usiongeze, mi nimepita humohumo.

Mwaka jana nilimaliza dozi ya antibayotiki nikawa naharisha, jirani akanishauri yogati, na kweli siku ya tatu nikapata nafuu. Basi nikaona kama moja imesaidia mbili si ndo zaidi, mwisho nikafika lita mbili kwa siku, asubuhi badala ya chai, mchana nashushia wali, usiku kabla ya kulala. Gesi ikaanza, choo kikawa laini, na kila tumbo likivuruga naongeza nyingine nikidhani bakteria hawajatosha, kumbe ndo yenyewe inanivuruga.

Daktari akaniuliza, umesoma lebo? Nikasoma: sukari gramu 12 kila mililita 100, kwahiyo chupa ya nusu lita ni gramu 60. Toa ishirini na kitu ambayo ni ya maziwa yenyewe, bado inabaki kama 40 ya kuongezwa, wakati WHO wanashauri mtu mzima asizidi 50 kwa siku na ikiwezekana abaki chini ya 25. Zidisha mara nne uone. Alafu watu wazima wengi huku kwetu tumbo halisagi vizuri sukari ya maziwa, bakteria wa mtindi wanaila sehemu tu, ndo maana mtindi unapitika kuliko maziwa fresh ila ukipiga lita mbili lazima uumie. Hata Yakult ya Wajapani, kinywaji cha maziwa chenye bakteria wazuri, ipo toka 1935, kichupa chake nchi nyingi ni mililita 65 au 80 basi, sio kitu cha kukata kiu.

Sikuacha ghafla. Nilianza kutoa ya asubuhi, wiki iliyofuata ya mchana nikaweka maji. Ya usiku ndo ilinisumbua sana, mpaka nilipoacha kuweka akiba kwenye friji. Sa hivi nakunywa mtindi usio na sukari, kikombe kimoja na ugali mchana, gesi iliisha ndani ya wiki mbili.

Ila kama unaona damu kwenye choo, una homa, unapungua uzito au kinga yako iko chini, nenda hospitali kwanza tafadhali, usijitibu na mtindi. Na hiyo unayokunywa ni gramu ngapi kwa mililita 100? Andika hapa tupige hesabu.