Jibu: Bushi iliyogoma kutoka kwenye mkono wa chini
Mkuu, umesema bushi (kipande cha mpira chenye kibomba cha chuma katikati na gamba la chuma nje) ya mkono wa chini wa sasipensheni, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi ya gari, imegoma kutoka hata kwa nyundo. Acha kuigonga, utapinda mkono wenyewe. Kwanza weka alama ilivyokaa. Funga mkono kwenye jiliwa, toboa mpira kwa drili kuzunguka kibomba cha katikati mpaka kichomoke. Litabaki gamba la chuma la nje. Pitisha msumeno ndani yake, ukate mkato mmoja taratibu. Likianza kuachia, simama, usije ukakwaruza mkono. Likunje ndani kwa patasi, litatoka. Tafadhali usichome mpira, moshi wake ni sumu. Ukifunga mpya, bolti ikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo mpira utajisokota na kuchanika mapema.