Paka ana viroboto, nimpe kitunguu saumu?

SWALI: Habari dokta, naipenda sana safu yako. Nina paka jike, anajikuna usiku kucha mpaka manyoya ya shingoni yameanza kunyonyoka, na viroboto nimewaona kwa macho yangu. Rafiki yangu kaniambia niachane na dawa za dukani, nimchanganyie kitunguu saumu kwenye chakula afu nimpake mafuta ya mkaratusi, eti vyote vya asili havina madhara. Nianze na kiasi gani?
– Mama Paka

JIBU: Usianze kabisa Mama Paka, na kama ushampa acha leo. Kitunguu saumu kinaharibu chembe nyekundu za damu, kwa mbwa pia ila paka ndo anaumia zaidi, na hata ukikipika ni vile vile. Ubaya wake hauonekani hapo hapo, zinaweza kupita siku kadhaa ndo unamkuta kalegea, fizi zimepauka, mkojo umekuwa wa kahawia, na viroboto bado wapo. Mafuta ya mkaratusi nayo hapana, ini la paka halina uwezo wa kuvunja vitu vingi vya namna hiyo, afu paka chochote unachompaka anakilamba, yaani ukimpaka ushamnywesha.

Ila kuna njia isiyo na dawa na inasaidia kweli. Tafuta kichana cha meno membamba yaliyobanana, weka bakuli la maji ya sabuni pembeni, mchane toka shingoni mpaka shina la mkia, kiroboto akinasa mtumbukize humo. Ukiona vipunje vyeusi viweke kwenye tishu yenye maji, vikitoa wekundu ujue ni kinyesi cha kiroboto, na huo wekundu ni damu ya paka wako (ndo maana kitoto cha paka kikishambuliwa sana kinaweza kufa kwa kuishiwa damu). Mayai hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka, kwa hiyo fua matandiko yake kwa maji ya moto, safisha mazulia na chini ya makochi, na urudie wiki kadhaa maana viroboto wengine bado wako kwenye vifuko vyao wanasubiri kutoka.

Wakizidi nenda kwa daktari wa mifugo akupe dawa ya paka, nasema ya PAKA, baadhi ya zile za mbwa zina sumu ya wadudu inayoitwa pemethrini na hiyo inaua paka. Na kama kitunguu ushampa mwambie daktari ukweli, hata kama ni kidogo.