Kuongeza Uzito Ukiwa na Kazi Nyingi: Chakula Kifuate Saa, Kisingoje Njaa

Mtu mwembamba anayetaka kuongeza uzito huambiwa na kila mtu kwamba ale zaidi, na ushauri huo ni wa kweli, lakini haumsaidii mwalimu anayeingia darasani saa moja na nusu asubuhi, akamaliza mkondo wa asubuhi, akafundisha masomo ya ziada mchana, kisha akaenda chuoni kusomesha watoto Kurani hadi karibu na Magharibi. Mtu wa namna hiyo hakosi chakula, kwani nyumbani kwake wali upo na samaki wapo. Anachokosa ni njaa katika saa ambazo angeweza kula, na nafasi ya kula katika saa ambazo njaa imemjia. Nimeishi hivyo hapa Wete, Pemba, kwa miaka mingi, nikiwa na urefu wa mita 1.72 na uzito wa kilo 52, na makala haya nimeyaandika kwa ajili ya wenzangu, walimu, wauguzi, madereva, mafundi na wauza maduka, ambao wamechoka kuulizwa na kila jirani kama wanaumwa.

Kabla ya yote, mtu ajue kama kweli ana upungufu wa uzito. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwangu mimi, 52 ikigawiwa kwa 2.96 ilitoa 17.6, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu. Anayepata 19 au 20, naye ana nguvu na siha njema, hana sababu ya kujisumbua kwa maneno ya barazani.

Jambo linalofuata ni afya, na hapa nawaomba wasomaji wasipite haraka. Aliyekuwa mwembamba tangu utotoni na hakubadilika ni tofauti na aliyekuwa na kilo zake akazipoteza bila ya kukusudia. Huyu wa pili aende hospitali kabla ya kununua hata robo kilo ya njugu, yaani karanga, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa zisizokwisha, kiu na kukojoa mara kwa mara, au moyo kwenda mbio bila ya sababu, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na maradhi ya tezi la shingo huweza kuanza kwa kumkondesha mtu. Sisi wa Pemba tuna na la kwetu zaidi. Minyoo na kichocho vimekaa nasi kwa vizazi, na si bure kwamba Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imeyafanya maradhi hayo kuwa sehemu kubwa ya utafiti wake. Watoto hupewa dawa maskulini, lakini sisi watu wazima hukaa miaka bila ya kupima choo wala mkojo, na chakula kizuri tunachokila tunagawana na minyoo bila ya kujua. Kupima ni jambo la asubuhi moja, na mtu akishajua kuwa hana maradhi hula kwa utulivu zaidi.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ni nyepesi. Mwili hutumia nishati hata tukiwa tumelala, na chakula kinachozidi matumizi hayo ndicho kinachojenga uzito. Mwanamume kijana wa uzito niliokuwa nao, anayesimama darasani na kutembea kwa miguu, hutumia takriban kalori 2,200 hadi 2,400 kwa siku. Kilo moja ya mwili huhitaji ziada ya takriban kalori 7,700, kwa hiyo ziada ya kalori 400 kila siku huleta kama kilo moja na nusu kwa mwezi, ingawa kasi hiyo hupungua kidogo kadiri mwili unavyokua na kudai zaidi. Kalori 400 hazihitaji sahani nyingine ya wali. Konzi moja ya njugu, glasi ya maziwa na tende nne zinatosha. Tatizo ni neno "kila siku", kwa sababu wengi wetu hula sana Ijumaa nyumbani kwa wazee, tukashiba hadi tukaona tabu kuinuka kwenye mkeka, kisha siku sita zinazofuata tukapitisha mchana kwa chai na andazi, na ziada yote ya Ijumaa ikaliwa na upungufu wa wiki.

Kilichonisaidia kuliko yote ni kuacha kuisubiri njaa. Kazi nyingi huizima njaa. Mtu akiwa na wanafunzi sitini mbele yake hahisi kitu, na akifika nyumbani amechoka kiasi kwamba anataka kulala kuliko kula. Kwa hiyo nilikifunga chakula changu kwenye sala, ambazo zina nyakati zake, na ambazo hapa kwetu karibu na ikweta hazisogei sana mwaka mzima. Baada ya Alfajiri nakula kabla ya kuvaa nguo za kazi. Nikishasali Adhuhuri natia kitu mdomoni, hata kama sina njaa na hata kama nina dakika tano tu. Baada ya Alasiri nakula chakula kikubwa, baada ya Magharibi nakula kidogo, na baada ya Isha nakula tena. Adhana haisahauliki, na kilichofungwa nayo hakisahauliki. Baada ya wiki chache tumbo lenyewe lilizoea, likaanza kudai katika saa hizo.

Chakula cha asubuhi ndicho ninachokitilia mkazo zaidi, maana ndicho pekee ambacho mwenye kazi nyingi ana mamlaka nacho. Uji wa mtama uliopikwa kwa maji na sukari pekee hujaza tumbo kisha ukaondoka upesi. Uji huo huo ukiupika kwa maziwa, ukatia vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya unga na viwili vya njugu zilizosagwa, kikombe kikubwa kimoja kitakuwa na zaidi ya kalori 500, nao hunyweka hata na mtu asiye na hamu ya kula. Njugu huzikaanga mwisho wa wiki, nikazipepeta maganda, nikazisaga na kuzihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko. Zichagueni vizuri kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zitupwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Siku ambazo nimechelewa kuamka, uji naumimina kwenye chupa ya chai na kwenda nao skuli.

Wakati wa mapumziko ya skuli ndipo wengi tunapopoteza. Chai ya rangi na kipande cha mkate wa boflo mkavu ni chakula cha kumalizia njaa tu. Chai hiyo ikinywewa kabla ya chakula huchukua nafasi tumboni, na ikinywewa pamoja na maharage au mboga za majani huzuia sehemu ya madini ya chuma isifyonzwe mwilini. Naiacha hadi saa moja hivi baada ya kula. Badala yake nabeba boflo iliyopakwa siagi ya njugu, au chapati mbili na mayai ya kuchemsha, na mfukoni nina kifuko cha njugu na tende kwa ajili ya baada ya Adhuhuri. Gramu 100 za njugu zina takriban kalori 570, na gramu 100 za tende zina kama 280. Sijui chakula kingine kinachobebeka mfukoni, kisichoharibika kwa joto letu, kisichohitaji kijiko wala sahani, chenye nishati ya kiasi hicho. Anayepata korosho kwa bei nafuu atafanya vivyo hivyo.

Chakula cha baada ya Alasiri ni wali, na hapa mapishi yetu wenyewe yanatosha kabisa. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ilhali wanga na protini zina nne kila moja, kwa hiyo wali uliopikwa kwa kasimile, yaani tui zito la nazi, unabeba nishati zaidi kuliko wali mweupe wa ukubwa ule ule wa sahani. Mtu asiyeweza kula sahani mbili atafaidika kwa kula moja iliyokolea. Mseto wa choroko wenye nazi, muhogo wa nazi, majimbi na shelisheli za nazi vyote viko kwenye kundi hilo. Hata hivyo, mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoweza kupandisha lehemu, yaani kolesteroli, katika damu, kwa hivyo si vyema nishati yote ya ziada itoke huko. Njugu, ufuta, parachichi na samaki vipate fungu lao, na mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amuulize daktari wake kwanza. Samaki, dagaa, pweza na mayai visikosekane, kwa kuwa uzito tunaoutaka ni wa misuli pia. Gramu 100 za samaki aliyepikwa huwa na zaidi ya gramu 20 za protini, na yai moja huwa na kama sita. Misuli hiyo haiji kwa kula pekee. Kulima, kubeba maji, au kupiga pushapu chumbani kabla ya kuoga hutosha kuanzia, na mimi naona bora mtu afanye kidogo mara tatu kwa wiki kuliko kuahidi mengi asiyoyaweza.

Yapo mambo yanayojaza tumbo bila ya kuongeza uzito. Maji ya dafu ni mazuri kwa kiu, lakini nishati yake ni ndogo sana. Urojo wa mchuzi mwingi hushibisha kwa maji. Anayeupenda aongeze viazi, mayai na mishikaki, apunguze mchuzi. Maji mengi kabla ya kula pia huondoa hamu. Kinyume chake, kinywaji chenye nishati ni rafiki wa mwenye haraka. Ndizi mbivu mbili, maziwa ya glasi moja na zaidi kidogo, vijiko viwili vya siagi ya njugu na tende nne, vikisagwa pamoja, hutoa zaidi ya kalori 600, na mtu hukinywa kinywaji hicho huku akisahihisha madaftari. Soda na halua navyo vina kalori nyingi, na halua ya Wete naipenda kama Mpemba yeyote, lakini sukari tupu haijengi misuli, na huharibu meno. Ibaki kwenye kahawa na wageni.

Mwezi wa Ramadhani wembamba wengi hupoteza walichokichuma. Sababu kubwa, kwa niliyoyaona, ni daku kuachwa kwa ajili ya usingizi na futari kuliwa kwa pupa hadi mtu hawezi tena chakula cha usiku. Mimi hufuturu kwa tende na uji, nikasali Magharibi, ndipo nikala muhogo au ndizi za nazi kwa kiasi. Wali na samaki huviweka baada ya Tarawehe. Daku huila karibu na mwisho wa wakati wake, wali uliobaki na mayai, au uji ule mzito wa maziwa na njugu, pamoja na maji ya kutosha. Vivyo hivyo msimu wa karafuu, ambapo baada ya skuli tunakwenda shamba kuchuma na usiku tunakaa kuchambua, mwili hutumia zaidi ya kawaida, na mfuko wa njugu na tende hauna budi uwe mkubwa zaidi.

Lipo jambo linaloniumiza sana kila ninapoliona, nalo ni vijana, hasa wasichana wanaokaribia kuolewa, kununua vidonge vya kunenepesha kwa siri. Vingi kati ya vinavyotumiwa hivyo ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na kuamsha hamu ya kula, na deksamethasoni, ambayo ni dawa kali ya maradhi makubwa. Deksamethasoni huufanya mwili ushike maji, uso ukavimba, na watu wakasema fulani amenawiri. Kumbe ndani sukari na shinikizo la damu vinapanda, mifupa inadhoofika, kinga ya mwili inapungua, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuanguka na hata kufa. Aliyekwisha kuanza asiache peke yake wala asione haya. Aende kwa daktari amweleze kila alichokinywa, ili apunguziwe kwa utaratibu. Akina mama na mashangazi, tafadhali waambieni mabinti zetu hayo mapema, kabla ya mtu mwingine kuwapa vidonge hivyo kwa jina la shoga au jirani mwema.

Kuhusu kupima maendeleo, tumia mizani moja, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kwenda msalani, kila baada ya wiki mbili. Uzito wa kila siku hupanda na kushuka kwa ajili ya maji na chumvi, na humkatisha mtu tamaa bure. Ikiwa umepima mara mbili na mizani haikusogea, usibadilishe kila kitu. Ongeza glasi moja ya maziwa kabla ya kulala, yaani kama kalori 150, na konzi nyingine ya njugu mchana, kisha subiri tena. Nami sasa nina kilo 61, na kilo hizo zilikuja polepole, kwa miezi mingi, huku ratiba yangu ya kazi ikiwa ni ile ile. Uzito ukishafika unapoutaka, punguza kwanza sukari na tende za mchana, ubakishe uji wa maziwa, samaki na zile nyakati tano za kula.