Jaji anayeomba kura, akikosea nani atamgusa?

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Buffalo, jimbo la New York, tangu tulipohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu. Nimepata uraia, na sasa nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Mtaani kwetu watu wamechomeka vibao vya kampeni mbele ya nyumba zao, na baadhi vina majina ya majaji. Jaji anaomba kura! Kwenye mfano wa karatasi ya kura nimemwona mtu mmoja ameandikwa chini ya vyama viwili. Mume wangu anasema hizo ni siasa zao, tuachane nazo. Mimi nina hofu. Jaji aliyechaguliwa na jirani yangu, siku nikigombana na jirani huyo, atanitendea haki kweli? Na akiharibu kazi, nani atamgusa? — Mama M., Buffalo

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa uraia. Mwambie baba watoto kwamba sehemu hiyo ya karatasi anayotaka kuiruka ndiyo inayoweza kumfikia kabla ya rais wala seneta. Kesi ya kodi ya pango, kijana aliyekamatwa usiku na marafiki zake: yote hayo hutua mezani kwa jaji wa jiji. Kwenu Buffalo jaji huyo akishachaguliwa hukaa miaka 10, isipokuwa afikishe umri wa kustaafu, miaka 70.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Mississippi ndilo jimbo la kwanza kuwaweka majaji wake wote mikononi mwa wapiga kura, mwaka 1832. New York ikafuata kwa katiba ya 1846. Watu walikuwa wamechoka kuona ujaji unagawiwa kama zawadi kwa marafiki wa wakubwa. Nia ilikuwa njema, na hata leo majimbo mengi ya Marekani yana aina fulani ya kura kwa majaji. Huko New York, kwenye miji midogo na vijiji, mtu anaweza kuchaguliwa kuwa jaji bila kusomea sheria, na wengi wao si mawakili.

Kuhusu jirani: kura ni siri, kwa hiyo jaji hajui nani alimpa na nani alimnyima. Fedha ndiyo inayofahamika. Kwa sababu hiyo mgombea ujaji wa New York haruhusiwi kuomba mchango kwa mdomo wake. Kamati yake ndiyo inayokusanya. Na kama wakili au mwenye kesi amemchangia dola 2,500 au zaidi katika miaka miwili ya karibuni, mahakama haimpangii jaji huyo kesi hiyo. Pia haruhusiwi kuahidi atakavyoamua kesi. Ukimsikia mgombea anatangaza kwamba watu wa aina fulani wakifika mbele yake watakiona, huyo amekwisha kujieleza, msimpe kura.

Jina kuwa chini ya vyama viwili ni halali huko, na kura za pande zote mbili hujumlishwa. Weka alama mara moja tu. Lakini linaloniumiza ni kwamba mara nyingi vyama hukaa chini, vikakubaliana kumsimamisha mtu mmoja wa ujaji, na mpiga kura anapofika kituoni hana wa kumlinganisha naye. Hapo kura inathibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa.

Sasa swali lako kubwa, nani atamgusa. Nitakupa kisa cha jirani zako wa Niagara Falls, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka kwenu.

Robert Restaino alikuwa jaji wa Mahakama ya Jiji ya Niagara Falls tangu 1996, kwanza kwa muda usio kamili, baadaye kwa muda wote. Ijumaa ya Machi 11, 2005 alikuwa anaendesha kikao cha washtakiwa wa ukatili wa majumbani. Hawa walikuwa nje ya jela, wakihudhuria mafunzo na kurudi mahakamani kuripoti maendeleo yao. Simu ikalia huko nyuma. Jaji akasema mwenye nayo ailete mara moja, la sivyo wote wanakwenda jela. Hakuna aliyejitokeza. Walinzi wakatafuta, wasiipate. Basi jaji akaanza kuwaita mmoja baada ya mwingine na kuwauliza kama wanajua simu ni ya nani. Kila aliyesema hajui, akampangia kiasi cha dhamana na kuamuru achukuliwe. Mshtakiwa mmoja akamwambia kwamba hii si haki kwa sisi wengine. Jaji akajibu kwamba anajua si haki. Akaendelea. Walipokwisha walikuwa watu 46.

Wenye uwezo walilipa dhamana. Waliobaki, watu 14, walifungwa minyororo na kupakiwa kwenye basi hadi jela ya kaunti huko Lockport. Alasiri hiyohiyo, waandishi wa habari walipoanza kuuliza maswali, jaji akaagiza waachiwe.

Mimi nimekaa meza ya karani miaka mingi, chini ya mahakimu wa kila namna, wapole na wakali. Simu ikilia, hakimu niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu zaidi alikuwa ananyosha mkono kimya, askari anaileta, inaingia kwenye droo yangu hadi kikao kiishe. Mwenyewe anakuja kuichukua saa nane, kichwa chini. Isipopatikana, shauri linalofuata linaitwa. Hakimu anaweza kukasirika, naye ana damu kama sisi. Lakini kumfunga mtu huku mwenyewe ukikiri kwamba si haki, halafu ukamwita wa pili, na wa thelathini, na wa arobaini na sita, hiyo si hasira tena. Nikisoma kisa hiki nawafikiria hao 14. Kosa lilikuwa moja na halikuwa lao, ila wao ndio waliofika Lockport, kwa sababu mfukoni hamkuwa na kitu.

New York ina Tume ya Maadili ya Majaji, ilianza katika miaka ya 1970. Ina wajumbe 11: wanne huteuliwa na gavana, watatu na Jaji Mkuu wa jimbo, na wanne na viongozi wa bunge la jimbo. Inaweza kumwonya jaji, kumkaripia hadharani, au kuamua aondolewe. Jaji aliyeamuliwa hivyo ana siku 30 kuomba Mahakama ya Rufani ya New York, iliyo juu ya zote katika jimbo, ipitie uamuzi. Tume ilimsikiliza Restaino. Aliomba radhi, akaeleza kwamba alikuwa na msongo katika maisha yake binafsi. Novemba 2007 Tume ikaamua aondolewe, ikiyaita yaliyotokea saa mbili za wazimu usioelezeka. Mjumbe mmoja alitaka adhabu ishuke iwe karipio. Juni 2008 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa kumwondoa.

Hesabu mwenyewe: kisa cha Machi 2005, mwisho wake Juni 2008. Ni muda mrefu mno, nami sioni sababu ya kuutetea.

Na kisa hakikuishia hapo. Katiba ya New York inasema jaji aliyeondolewa na Mahakama ya Rufani hawezi kushika tena kiti cha ujaji. Haisemi kitu kuhusu viti vingine. Novemba 2019 watu wa Niagara Falls walimchagua Restaino kuwa meya wao, na mwaka 2023 wakamrudisha. Ndugu yangu mmoja niliyemsimulia alishtuka, akasema wamesahau upesi. Sidhani kama walisahau. Meya hana uwezo wa kumpeleka mtu jela kwa sababu simu imelia. Wapiga kura walikuwa na haki ya kumpa mtu kazi nyingine baada ya miaka, na Tume ilikuwa na wajibu wa kumtoa kwenye ile aliyoitumia vibaya. Hizi ni kazi mbili, na mimi naomba usizichanganye. Kura inakuja baada ya miaka 10, inapigwa na maelfu ambao hawajawahi kuingia chumba kile. Aliyekuwa amekaa kwenye benchi siku ile, akaona na kusikia, ndiye anayeweza kumfikisha jaji mbele ya Tume.

Nisikufiche kwamba tume nazo hulala. Kaunti ya Luzerne, Pennsylvania, ilikuwa na majaji wawili wa kuchaguliwa, Mark Ciavarella na Michael Conahan. Kati ya 2003 na 2008 Ciavarella aliwapeleka watoto kizuizini kwa makosa madogo kabisa, wengi bila wakili, huku wawili hao wakipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu waliofungamana na vituo binafsi vya kuzuilia watoto. Mwaka 2005, katikati ya uovu huo, wapiga kura walimpa Ciavarella miaka mingine 10. Mwaka 2006 bodi ya maadili ya jimbo ilipata malalamiko kuhusu Conahan na haikufanya lolote. Waliovunja kimya ni wapelelezi wa serikali kuu na kituo cha mawakili wa watoto cha Philadelphia. Mahakama Kuu ya Pennsylvania ikafuta hukumu zipatazo 4,000 za watoto. Mwaka 2011 Ciavarella alipewa miaka 28 jela, Conahan 17 na nusu, na Desemba 2024 Rais Biden akampunguzia Conahan adhabu. Wazazi wengi wa watoto wale walitoka mahakamani wakidhani ni mtoto wao peke yake. Laiti wangeandika, na wakaandika wengi.

Kwa hiyo, mama, piga kura, uliza majina ya wagombea kwa watu waliowahi kusimama mbele yao. Na siku ukiona jaji amemtukana mtu, amemdhihaki kwa lugha yake au asili yake, amekataa kumsikiliza kabisa, andikia Tume. Ofisi inayowahudumia ninyi wa magharibi ya jimbo iko Rochester. Hulipi kitu, huhitaji wakili, na barua yako haitangazwi. Usiandike kwamba umeshindwa kesi. Malalamiko mengi hutupwa mwanzoni kwa sababu hiyo: kushindwa kesi ni jambo la rufaa, si la maadili. Na kumbuka mahakama za huko zinatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bure. Ukinyimwa, hilo nalo liandike.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nipo Morogoro. Tukiwachagua mahakimu wetu wenyewe kwa kura, si wangetuheshimu zaidi? — Kijana wa Kihonda

JIBU: Marahaba. Sikubaliani nawe, kijana wangu, na sababu umezisoma hapo juu. Wenzetu Wakenya waliandika kwenye Katiba ya 2010 kwamba mwananchi yeyote anaweza kuomba Tume ya Huduma za Mahakama imchunguze jaji. Desemba 31, 2011 Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, aligombana na mlinzi wa kike kwenye duka la Village Market, Nairobi, aliyetaka kumkagua. Akadaiwa kumbana pua na kumtishia bastola. Jopo likaundwa chini ya Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu hapa Tanzania. Agosti 2012 likapendekeza aondolewe, na Oktoba akajiuzulu. Hapakuwa na kura hata moja. Palikuwa na mlinzi aliyekataa kunyamaza.

Nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeweka kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, ya mkoa na ya wilaya. Ya wilaya ndiyo inayoshughulika na hakimu wa mahakama ya mwanzo, na mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Mimi ningependa kiti hicho akae mtu asiye wa siasa, lakini kamati ipo na wananchi wengi hawajui kwamba ipo. Peleka malalamiko yako kwa maandishi: namba ya shauri, tarehe, jina la hakimu, maneno aliyosema kama ulivyoyasikia, na majina ya waliokuwepo. Chukua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka mlangoni. Karani akikwambia muhuri haupo, keti umsubiri.