Uume wangu umepungua: kuna dawa ya kuurudisha?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 43, ni dereva wa lori, safari zangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Tangu kama miaka miwili naona maumbile yangu yamepungua. Nikiangalia chini naona nusu ya nilivyokuwa zamani. Nguvu nazo zimelegea. Asubuhi uume hausimami tena, na nikiwa na mke wangu unasimama nusu kisha unalala. Rafiki ananiambia ni punyeto ya ujanani, mganga akasema ni ngiri. Nilinunua dawa ya unga, siku ile nilifanya kazi vizuri lakini kichwa kiliniuma sana na moyo ukaenda mbio. Nimenenepa, navuta sigara, na usiku naamka kukojoa mara kwa mara. Nisaidie, kuna dawa ya kurudisha ukubwa?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri kueleza yote bila kuficha, maana jambo kubwa kuliko yote umelitaja mwishoni kama la ziada. Mtu wa miaka 43 aliyenenepa, anayevuta sigara, anayeamka usiku kukojoa na ambaye uume wake hausimami hata alfajiri, anatakiwa kupima sukari na presha wiki hii. Suala la ukubwa nitakujibu, lakini usisubiri kulimaliza hilo ndipo uende.

Shina la uume limeshikwa kwenye mfupa wa kinena na halisogei. Mwanaume akinenepa, mafuta hujaa juu ya kinena na kufunika sehemu ya mbele. Nguzo haijafupika, mchanga ndio umepanda. Tena wewe unajitazama kutoka juu, tumbo likiwa katikati, na kwa namna hiyo kila mwanaume hujiona mdogo kuliko alivyo. Ukitaka kupima kwa haki, weka rula upande wa juu wa uume uliosimama, ikandamize mpaka iguse mfupa, kisha soma hadi ncha ya kichwa. Watafiti wa Uingereza walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 kutoka tafiti mbalimbali, wakayachapisha matokeo mwaka 2015: wastani wa urefu uliosimama ulikuwa sentimita 13.12, na uliolala 9.16. Wanaume wengi wanaoingia chumbani kwangu na hofu kama yako wako ndani ya kawaida kabisa. Ukipunguza uzito, sehemu iliyofunikwa huanza kuonekana tena.

Hata hivyo sitakuambia kwamba yote ni macho yako. Uume husimama kwa kujaa damu. Usipojaa vizuri kwa muda mrefu, nyama yake ya ndani hupoteza uwezo wa kutanuka, na hapo mtu anaweza kupungukiwa kweli. Kwa hiyo anayetaka kulinda ukubwa alionao hana budi kushughulikia kwanza usimamaji.

Na usimamaji ndio unaonitia wasiwasi kwako. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Sukari, presha, mafuta mengi kwenye damu na moshi wa sigara huharibu yote kwa pamoja, lakini iliyo myembamba huonyesha dalili mapema. Kulegea kwa nguvu za kiume kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Uume wa mwanaume mwenye afya husimama mara kadhaa usingizini bila mwenyewe kujua. Mwenye msongo wa mawazo peke yake kwa kawaida bado huamka amesimama. Wewe alfajiri nayo imekauka, ndiyo maana naangalia mwilini kwanza. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha kisukari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inahitaji kufuatiliwa. Angalia pia kama unawashwa kichwani mwa uume, au kama una govi ambalo siku hizi linagoma kurudi nyuma. Fangasi wa mara kwa mara mahali hapo nao huja na kisukari.

Punyeto haipunguzi uume, wala haikuharibu ulipokuwa kijana. Jitue mzigo huo leo. Ngiri ni utumbo unaochomoza kupitia sehemu dhaifu ya misuli, na ungeona uvimbe kwenye kinena au korodani. Ngiri kubwa, au busha kama tunavyoliona sana mikoa ya pwani, kweli linaweza kuufunika uume mpaka ukaonekana umemezwa, lakini tiba yake ni upasuaji.

Ule unga usiuguse tena. Katika nchi nyingi maabara zimekuta dawa zinazouzwa kama mitishamba zimechanganywa na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, kwa kiasi asichokijua hata muuzaji, na maumivu ya kichwa uliyopata yanafanana nayo. Sildenafil yenyewe ni dawa nzuri ikitolewa na daktari baada ya vipimo. Ila ikikutana na dawa za nitrati wanazopewa wenye maumivu ya kifua, presha huporomoka kiasi cha kuua.

Krimu na vidonge vya kukuza havikuzi. Kuchoma sindano za silikoni au mafuta ya mgando ni hatari; nyama hufa na kuoza, na mwisho wake ni chumba cha upasuaji. Pampu husaidia kusimamisha, haiongezi urefu wa kudumu.

Kuna hali nyingine ambazo hukuzitaja, lakini msomaji mwingine anaweza kuwa nazo. Uume ukianza kupinda, unauma, na ukipapasa unahisi kovu gumu ndani, huo ni ugonjwa wa Peyronie na huufupisha kweli. Muone daktari wa mfumo wa mkojo mapema. Kidonda kichwani mwa uume kisichopona kinahitaji kuchunguzwa kama saratani. Na uume ukisimama kwa muda wa zaidi ya saa 4 bila kulegea, hasa kwa mwenye selimundu, ni dharura ya usiku huohuo.

Mke wako mweleze unakokwenda, asije akadhani umemchoka. Ukifika kituoni usiseme tu kwamba umekuja kupima sukari. Mwambie daktari kuhusu nguvu zilizolegea, unga uliotumia, sigara unazovuta kwa siku, na kama umewahi kubanwa kifua unapopakia au kupanda mlima.