Umri wa piano ya zamani: anza kuitafuta namba

Dada, hongera kwa piano uliyoinunua Tukuyu. Umeuliza ina miaka mingapi na ilikotoka, na unachokiona ni neno “Berlin” tu juu ya vibao vya kubonyeza. Hilo halitoshi, maana Berlin ilikuwa na viwanda vingi vya piano.

Fungua kifuniko cha juu, mulika kwa tochi ya simu. Kwenye fremu ya chuma, au kwenye mbao karibu nayo, tafuta namba ya tarakimu kadhaa. Futa vumbi taratibu, ipige picha. Ukiijua na jina la kiwanda, orodha za namba na miaka yake zipo mtandaoni kwa viwanda vingi vikubwa. Ukikuta picha za medali zenye miaka, miaka hiyo ni ya maonyesho ambako kiwanda kilitunukiwa. Piano haiwezi kuwa imeundwa kabla ya mwaka wa mwisho hapo.

Kisha mwombe fundi akutolee kibao cha kwanza kushoto. Mimi hapa Iringa nilikuta ubavuni mwa changu maandishi ya penseli yaliyofifia, jina la fundi na tarehe. Niliyasoma huku mikono ikitetemeka!

Angalia pia vibao vyeupe. Mstari mwembamba wa kiungio, pale vibao vyeusi vinapoanzia, kwa kawaida ni dalili ya pembe ya ndovu. Usivisugue kwa maji mengi, vitabanduka.

Historia yake waulize waliokuuzia, tena mapema, wazee wangali hai. Na nyuzi zisikazwe kabla fundi hajakagua vigingi vinavyozishika.